Akaunti ya kasino ya mtandaoni ifungue mwenyewe, kwa laini yako na kwenye simu yako

Jumatatu asubuhi ndo tunapata watu wengi dirishani kwetu hapa Moshi. Wikendi imepita, mechi zimechezwa, watu wamekesha kwenye simu, na wanaokuja kulalamika kwamba hela imetoka kwenye akaunti ya kubeti bila wao kujua wanakuja na maneno yaleyale, "mimi sijampa mtu yeyote namba ya siri." Na wengi wanasema kweli. Mimi nipo kitengo cha usalama wa miamala kwenye taasisi ya fedha, kazi yangu ni kufuatilia hela imepitia wapi, na niseme mapema kabisa kwamba simwambii mtu akacheze kasino. Naandika kwa sababu wanaocheza wapo, ni wateja wetu, ni bodaboda wa Majengo, kina dada wa saluni kule Mbuyuni, hadi walimu, na nawaona wanapoteza hela mara mbili, kwanza kwenye mchezo wenyewe afu na kwa mwizi.

Juzi kati alikuja kijana anauza mitumba Kiborloni. Kwenye akaunti yake ya kasino kulikuwa na 180,000, ameshinda Jumamosi usiku, akalala, asubuhi anaamka salio linasoma 400. Nikamuuliza swali ambalo siku hizi namuuliza kila mtu kabla ya yote: akaunti alikufungulia nani? Akanyamaza kidogo, akasema ni dogo mmoja wa kibanda umiza, anafungulia watu wote pale na wala hachaji, unampa namba yako ya NIDA na simu yako dakika tano tu kila kitu tayari. Basi hapo nikajua tunatafuta nini. Dogo ndo aliyechagua pasiwedi. Dogo ndo aliyeweka barua pepe yake mwenyewe, maana kijana wa watu hakuwa na barua pepe. Na pasiwedi aliyoweka ilikuwa ileile aliyowawekea wote pale kibandani, jina la timu na mwaka, kwaiyo mtu yeyote aliyefunguliwa akaunti na yule dogo alikuwa na ufunguo wa akaunti za wenzake wote, akitaka kuingia anahitaji tu namba ya simu ya mwenzake. Sijui mpaka leo ni nani kati yao aliyeingia, na sitaki kumsingizia dogo, inawezekana kabisa alikuwa anasaidia kwa moyo safi. Ila mlango ulikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeuvunja.

Ndo maana nasema akaunti ifungue mwenyewe. Hata kama huelewi sana simu, hata kama itakuchukua saa nzima badala ya dakika tano, mtu akae pembeni akuelekeze kwa mdomo lakini kidole kinachobonyeza kiwe chako.

Kabla hata hujagusa tovuti ya kasino anza na laini. Laini ya simu ndo jina lako kwenye haya mambo, humo zinaingia namba za uthibitisho, humo inatoka hela ya kuweka na humo inarudi hela ya ushindi. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na NIDA zilianza kuzimwa, lakini bado nakutana na watu wengi wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka, la mke wa zamani, la bosi aliyewahi kumwajiri, na ile laini imezoeleka miaka mingi wanaona ni ya kwao. Kwenye kasino hiyo itakuumiza siku ya kutoa hela. Kampuni yenye leseni inatakiwa kisheria kumjua mteja wake, sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inazigusa kasino pia, kwaiyo jina la akaunti, jina la kitambulisho na jina linalotokea kwenye M-Pesa au Airtel Money yako yakitofautiana wanashikilia hela mpaka ujieleze. Kuweka hela hawakuulizi sana. Kutoa ndo maswali yanakuja. Nimewahi kumsindikiza kwa simu mama mmoja wa Rau siku tatu nzima akibembeleza atolewe hela yake ambayo laini ilikuwa ya marehemu mume wake.

Kwaiyo piga *106# uangalie ni namba zipi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta namba usiyoijua nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, waifute. Na kuna jambo jingine kuhusu hiyo namba ya NIDA ambalo watu hawalifikirii: ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe yako ya kuzaliwa. Sasa wewe namba yako ya siri ya M-Pesa ni mwaka wa kuzaliwa, na picha ya NIDA umemtumia jamaa wa steshenari kwa WhatsApp akuprintie, kompyuta ile ipo wazi siku nzima na kila mteja anaigusa, hapo umeacha jina lako, sura yako na namba ya siri sehemu moja. Ukiprinti pale mwombe aifute mbele yako, kwenye WhatsApp na kwenye kompyuta. Ni haki yako kuuliza taarifa zako zinabaki wapi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na mtu wa steshenari hatakasirika ukiomba kwa ustaarabu.

Afu barua pepe. Fungua yako. Mtu akishika barua pepe yako anabonyeza "nimesahau pasiwedi" kwenye kasino, linki inamfikia yeye, anaweka pasiwedi mpya, wewe ndo unageuka mgeni kwenye akaunti yako. Barua pepe hiyo iwe na pasiwedi yake yenyewe isiyofanana na kitu kingine chochote na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani mtu akiingia anaombwa na namba ya uthibitisho juu ya pasiwedi. Hii nitairudia hata mara kumi, maana watu wanaweka nguvu zote kwenye akaunti ya kasino wakati barua pepe iliyo nyuma yake wamefungua kwenye simu ya rafiki na haijawahi kutolewa.

Sasa tovuti yenyewe. Hapa Tanzania michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ipo chini ya sheria ya mwaka 2003, na kasino za kwenye intaneti zinahitaji leseni yake kama ilivyo kwa kasino za kwenye majengo na kampuni za mikeka. Umri ni miaka 18 kwenda juu. Ingia tovuti ya Bodi, ile inayoishia na .go.tz, uangalie kama kampuni unayotaka ipo kwenye orodha ya wenye leseni, na andika jina la tovuti kwa mkono wako mwenyewe, usifuate linki uliyotumiwa kwenye grupu. Kuna tovuti nyingi chini kabisa zina nembo ya leseni ya Curaçao au visiwa vingine vya mbali, na zinaongea hadi Kiswahili, lakini wakikudhulumu hapa nyumbani huna pa kwenda, Bodi haiwezi kumwita mtu ambaye haijampa leseni. Zikianza kukuambia uweke hela kwa sarafu za kidijitali au umtumie "wakala" kwenye namba ya kawaida ya mtu, funga ukaendelee na shughuli nyingine.

Jina la tovuti lisome kuanzia kulia kurudi kushoto. Mwenye tovuti anajulikana na lile neno lililokaa kabla tu ya .com au .co.tz, yale yaliyotangulia kushoto mtu anaweza kujiandikia chochote, hata jina la kampuni kubwa unayoiamini. Na ile alama ya kufuli watu wanaitegemea kupita kiasi. Kufuli linamaanisha mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefungwa, mtu wa katikati hasomi. Halikwambii mwenye tovuti ni nani. Tapeli nae anapata kufuli, tena bure.

Ukishafika kwenye fomu jaza majina yako kama yalivyo NIDA, herufi kwa herufi, usiweke jina la mtaani. Tarehe ya kuzaliwa ya kweli. Pasiwedi ndo hapo watu wa kwetu wananichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja, maana nimeshaona yanga1935 na simba1936 mpaka nimechoka, ni miaka ambayo kila shabiki anaijua, na mwizi nae ni shabiki. Kilimanjaro na mwaka, jina la mtoto na mwaka, namba ya pikipiki, vyote hivyo vinajaribiwa mwanzo kabisa. Chukua maneno manne yasiyohusiana kabisa, vitu unavyoviona nyumbani kwako au vya utoto wako, uyaunganishe, ukiweza changanya na neno moja la kilugha chako, Kichaga au Kimaasai au Kimeru. Inakuwa ndefu lakini unaikumbuka, na urefu ndo unaomchosha mwizi kuliko alama za mshangao. Usitumie pasiwedi hiyo mahali pengine popote, kwa sababu tovuti moja ikivuja wezi wanachukua orodha nzima wanaijaribu kwenye tovuti nyingine zote, kompyuta inafanya hiyo kazi wakati wao wamelala. Kuiandika kwenye daftari ukaliweka kabatini nyumbani sio dhambi. Dhambi ni kuiandika kwenye noti ya simu halafu simu yenyewe haina loki.

Kulogini kwa mara ya kwanza kwa kawaida utatumiwa namba za uthibitisho kwa meseji, nyingi ni sita. Hizo namba ni zako wewe peke yako na zina kazi moja tu, kuziandika kwenye ule ukurasa uliofungua mwenyewe. Hakuna mfanyakazi wa kasino, wa benki wala wa mtandao wa simu anayehitaji umsomee. Akikupigia mtu anajiita huduma kwa wateja wa mtandao wa simu kwa namba ya kawaida, kata, wao wanapiga kwa 100. Kama kasino yako ina uwezekano wa kutumia app ya kuzalisha namba za uthibitisho badala ya meseji, tumia hiyo, kwa sababu meseji zinafuata laini, na laini ikihamishwa kwenye kadi nyingine meseji zinaenda huko. Ukiona simu yako imepoteza mtandao ghafla wakati wenzako wa mtandao huohuo wanapiga vizuri, usisubiri mpaka jioni. Azima simu ya mmoja wao piga 100 hapohapo.

Na namba ya siri ya M-Pesa, Mixx, Airtel Money au HaloPesa haiandikwi kamwe ndani ya tovuti. Inavyokuwa ni hivi, unaandika kiasi kwenye kasino, halafu kinakuja kiboksi kwenye simu yako kutoka mtandao wa simu, kinataja jina la kampuni na kiasi, ndo unaweka namba ya siri hapo. Soma jina kabla hujaweka. Kama tovuti yenyewe ndo imekuchorea nafasi ya kuandika namba ya siri ya simu, hiyo sio kasino, hata iwe na rangi nzuri vipi. Usipoelewa kiboksi unaweza kwenda njia ndefu, *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, unachagua kulipa bili unaweka namba ya kampuni na kumbukumbu, inachukua muda lakini kila hatua unaiona kwa macho yako.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi, nalo ni predikta ya kindege, app inayouzwa kwa madai kwamba inatabiri mchezo wa ndege wa kwenye kasino unaoitwa Aviator. Nilipokuwa Arusha wiki mbili zilizopita tulifanya elimu kwa vijana pale Ngarenaro na baadae kwa Mrombo, na kila mahali swali la kwanza lilikuwa hilohilo, "hii app ya kutabiri kindege ni ya kweli?" Nawajibu hapana, na nataka nieleze kwa nini ili mtu asiniamini tu kwa sababu nimevaa kitambulisho shingoni.

Aviator ni mchezo wa kampuni ya Spribe, ulitoka 2019. Ndege inapaa, namba inapanda kutoka 1.00 kwenda juu, unatakiwa utoe hela yako kabla haijaondoka. Matokeo ya kila raundi yanapikwa kutoka vitu viwili: herufi za siri za upande wa mtambo, na herufi zinazotoka kwa wachezaji watatu wa kwanza walioweka dau kwenye raundi hiyo. Vinachanganywa kwa hesabu inayoitwa SHA-512, na hapo ndo inajulikana ndege itaondokea wapi. Maana yake kabla wale watatu hawajaweka dau matokeo hayapo, hayajafichwa sehemu, hayapo kabisa. Kilichopo ni ile nusu ya upande wa mtambo, na hiyo imefungwa. Sasa app uliyoinunua elfu ishirini Telegram inatabiri kitu ambacho hakijazaliwa. Zile video za jamaa anaonyesha imepatia ni za kutengeneza, au amecheza raundi nyingi akakata zile alizokosa.

Lakini elfu ishirini ndo hasara ndogo. Ile predikta inakuja kama faili la APK la kupakua nje ya duka la app, unaambiwa uruhusu simu kupokea app zisizojulikana, halafu inaomba kusoma meseji zako, inaomba ile ruhusa ya huduma za walemavu ambayo inaiwezesha kuona kila kinachoandikwa kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako, halafu inakwambia "ingiza namba na pasiwedi ya akaunti yako ili tuunganishe." Hapo umeshampa pasiwedi, umempa meseji za uthibitisho, umempa na kidole. Mwizi hahitaji kutabiri ndege yoyote. Anasubiri ushinde. Kijana mmoja pale Mrombo alinyoosha mkono akasema yeye hela yake huwa inapotea akishinda tu, akiliwa haipotei, na darasa zima likawa kimya, kwa sababu karibu nusu walikuwa na ile app kwenye simu zao. Tulikaa nao mpaka giza linaingia tunazifuta moja moja. Na kufuta peke yake hakutoshi, ilibidi kila mmoja abadilishe pasiwedi ya barua pepe kwanza, halafu ya kasino, halafu namba ya siri ya simu, tena kwa kutumia simu nyingine iliyo safi.

App halali za kasino zenyewe mara nyingi nazo zinapakuliwa kama APK kutoka tovuti ya kampuni, hilo ndo linalochanganya watu. Chukua kwenye tovuti uliyoihakiki tu, usipokee kwa Bluetooth wala kwenye grupu, na kama inataka kusoma meseji zako zote au namba za watu ulizohifadhi kwenye simu, kataa. Tovuti ya kawaida kwenye brauza inatosha kabisa, na kwa mtu asiyejua sana simu ni salama zaidi.

Kwenye simu ya kuazima usilogini. Ikikulazimu, brauza ikiuliza ihifadhi pasiwedi ukatae, na ukimaliza ubonyeze kutoka kabisa, kufunga ukurasa sio kutoka. Kwenye mipangilio ya akaunti tafuta sehemu inayoonyesha vifaa vilivyoingia, ukiona simu usiyoijua toa vyote. Na ukibadilisha laini badilisha namba kwenye akaunti siku hiyohiyo, namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika inazimwa na kupewa mtu mwingine, na huyo ndo atakayeanza kupokea meseji zako.

Ukiwa ndani tayari kuna sehemu moja watu wanairuka, kikomo cha kuweka hela kwa siku au kwa wiki. Kiweke siku ya kwanza, kabla hujaonja kushinda wala kushindwa, maana baadae akili inakuwa si yako. Huo mchezo wa ndege Spribe wenyewe wanasema unarudisha asilimia 97 ya madau, watu wanasikia 97 wanafurahi. Piga hesabu: ukiweka 1,000 mara 200 usiku mmoja, na kwa kasi ya raundi zile ni jambo la kawaida kabisa, umezungusha 200,000, na kwa wastani 6,000 imebaki kwa mwenye mchezo, hata kama mfukoni ulianza na 10,000. Kesho tena, na keshokutwa. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina vyumba 37 na ukipatia namba moja unalipwa mara 35, tofauti hiyo ndogo ndo inayolipa umeme wa kasino. Sisemi ni wizi, imeandikwa wazi. Nasema usiingie na hela ya ada, na usiingie kabisa na mkopo wa kausha damu, nimeona jiko na godoro vikibebwa Pasua kwa ajili ya hilo na watoto wanaangalia.

Ikitokea umeibiwa, usianze kwa kutukana kwenye grupu. Badilisha pasiwedi ya barua pepe, toa vifaa vyote, kisha wasiliana na kasino kupitia mawasiliano yaliyo kwenye tovuti yao uwaombe wasimamishe akaunti, piga 100 kama hela imetoka hadi kwenye simu, na meseji ya kitapeli pamoja na namba iliyoituma peleka 15040. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata akiwa ni rafiki aliyekufungulia, kwaiyo polisi wana pa kuanzia. Kampuni ikikuzungusha, peleka lalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Ukija dirishani kwetu njoo na simu yenyewe na kitambulisho, na tafadhali usifute meseji hata moja, hata zile za aibu, hata za mikeka iliyochanika. Watu wanafuta ili wake zao wasione, halafu wanakuja kwetu na simu tupu, na muda wa muamala pamoja na namba ya kumbukumbu vilikuwa humohumo.